Baba mkwe anasema nimemkatia mwisho wa sizoni, posa imesimama

Shikamoo Anti,

Mi ni kijana wa miaka 31 niko Tanga, kazi yangu napiga video za harusi na kuziediti, na pembeni nina kijiduka Ngamiani natia watu miziki na muvi kwenye flashi. Nina mchumba tumwite Z, huu mwaka wa tatu tuko pamoja, barua ya posa ilishapelekwa na ikapokelewa vizuri tu, kilichobaki ilikuwa wazee wakae wataje mahari. Sasa Anti naomba usicheke maana kila niliyemwambia amecheka mpaka mshenga wangu mwenyewe. Posa yangu imekwama kwa sababu ya Game of Thrones, ile tamthilia ya Marekani ya wafalme na majoka.

Ngoja nianze mwanzo. Baba yake Z ni mwalimu mstaafu, kafundisha Historia sekondari miaka zaidi ya 30, anakaa Pongwe ana ng'ombe wake wa maziwa. Masika ya mwaka huu aliteleza zizini akaumia goti akaambiwa akae ndani. Sasa mzee yule kumwambia akae ndani ni kama umemfunga, taarifa ya habari ikiisha anagombana na kila mtu mpaka na paka. Mama akamwambia Z, Z akaniambia mimi, wewe si una muvi kibao hebu mpelekee mzee kitu cha kumtuliza. Nikawaza mwalimu wa Historia anapenda nini, anapenda wafalme, vita, koo zinagombea kiti. Nikasema basi hii hii.

Tatizo kama umeiangalia unajua, ile kitu ina mambo yake. Hazipiti dakika nyingi watu hawana nguo. Mi nikae sebuleni na baba mkwe halafu mama anapita na chai, si bora goti liniume mimi! Kwa hiyo nikafanya kile ninachokijua, nikaingiza episodi zote kwenye kompyuta nikaanza kukata. Uchi nikakata, vitandani nikakata, yale madanguro yao yote nikakata, hafu nikaona hata mabusu nayo yatoke tu maana mzee ni mtu wa swala tano sikutaka aone nampelekea vitu gani. Usiku mwingine nalala saa nane kwa ajili ya hiyo kazi na hakuna anayenilipa. Na naediti vizuri Anti, sijisifu ila kiungo hukioni.

Tukaanza. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baada ya Isha napanda daladala naenda Pongwe, tunaangalia mbili mbili na kahawa na visheti. Anti yule mzee alizama kuliko mimi. Siku Ned Stark anakatwa kichwa alisimama na lile goti bovu, ananiuliza huyu si ndo mwenyewe, sasa stori inaendaje na mwenyewe kafa? Ile harusi ya sizoni ya tatu wageni wanapochinjwa mezani hakuongea kabisa, kesho yake asubuhi ndo kanipigia simu, ananiambia wale watu walishakula mkate na chumvi ya mwenyeji, hata kwetu hilo halifanyiki. Lakini aliyempenda kuliko wote ni Daenerys. Jina halimkai mdomoni akawa anamwita Dinari. Si unajua yeye kafundisha biashara ya watumwa miaka yote hiyo, Bagamoyo, Zanzibar, misafara, sasa anamuona binti anaingia mji baada ya mji anavunja minyororo ya watu, mzee machozi yanamlenga. Ng'ombe wake kazaa mwezi wa tano, ndama kaitwa Dinari.

Basi tukafika mwisho. Sizoni ya nane, episodi ya tano, mji umeshasalimu, kengele zinalia, askari wameshatupa panga chini, Dinari yuko juu ya joka lake anatazama, hafu anashuka anachoma mji mzima na watoto ndani. Mzee akasema rudisha. Nikarudisha. Akasema rudisha tena. Nikarudisha. Akanigeukia akaniuliza, "Umekata wapi?"

Anti nilihisi tumbo linashuka. Nikamwambia sijakata kitu baba. Akasema mimi nimesahihisha mitihani miaka 30, ukurasa uliochanwa naujua, binti huyu hawezi kubadilika hivi bila sababu, hapa katikati kuna kitu umetoa. Na mimi kwa kuchanganyikiwa nikajibu, "Baba, hii ni muvi tu jamani."

Mwe! Hilo neno natamani ningelimeza. Episodi ya mwisho aliiangalia kimya, Jon Snow anamchoma kisu Dinari aliyemkumbatia, joka linayeyusha kiti, yule kijana Bran anapewa ufalme kwa sababu ati ana stori nzuri, mzee kimya. Ilipoisha akanyanyuka akasema kijana aliyenikatia hadithi kisha akanitazama usoni akasema hajakata, nikimpa binti yangu atanikatia nini kingine? Akaenda kulala. Baada ya siku mbili mshenga akapigiwa simu kwamba mazungumzo yasubiri kwanza. Leo wiki ya sita, na mi sijakanyaga tena Pongwe naona aibu.

Na shida yenyewe Anti ni kwamba pale kwenye kengele, episodi ya tano, sikugusa hata sekunde moja, wallahi. Nilikata kwingine lakini pale sikukata, ndivyo ilivyo, ni ujinga wao wenyewe walioiandika. Ila nitathibitishaje? Nikimpa sizoni nzima isiyokatwa ataona yote niliyoyaficha. Nikikaa kimya mi ni mwongo. Z anasema mwambie ukweli, mama anasema muache hasira zipoe, kaka yake Z yuko Dar nilipompigia kacheka dakika nzima hafu akasema mzee ana haki, yeye mwenyewe 2019 alitaka kutupa remoti. Usiku mwingine nimewaza hata kuunganisha mwisho mwingine mwenyewe kwenye kompyuta, Dinari asichome mji, nimpelekee nimwambie baba samahani nilikupa faili bovu, hili hapa ndo lenyewe.

Nifanyeje Anti?

Mkata Muvi, Tanga


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Umeniomba nisicheke, umechelewa, nilishacheka pale kwenye ndama. Nimeisoma barua yako mara ya pili nimetulia na nimeona hili jambo ni zito kuliko unavyolichukulia, na jepesi kuliko unavyoliogopa.

Kwanza hilo la kumtengenezea mwisho wako, futa. Usithubutu. Unataka kutibu uongo wa kwanza kwa uongo mkubwa zaidi, na huyo mzee ni mtu wa kwenda kuuliza, siku akimpigia mwanawe wa Dar akamsimulia Dinari alivyoishi raha mustarehe mpaka uzeeni wewe utakuwa umemaliza kabisa habari ya kuoa kwenye nyumba ile. Halafu sio wewe wa kwanza kuwaza hivyo. Mwezi wa tano mwaka 2019 mashabiki walianzisha ombi mtandaoni kuitaka HBO, kampuni iliyoitoa, irudie sizoni ya nane yote upya na waandishi wengine, sahihi zikapita milioni 1.8. Milioni moja na laki nane, mwanangu, na hakuna kilichorudiwa. Badala yake mwezi wa tisa mwaka huohuo wakaenda kwenye tuzo za Emmy wakaondoka na tuzo 12, mojawapo ile ya tamthilia bora. Waliokasirika wakakasirika zaidi.

Ndo maana nasema kaka yake Z hakukutania, baba yako mkwe ana haki. Mi mwenyewe niliiangalia ile ilipokuwa inatoka. Kwao Marekani ilikuwa Jumapili usiku, huku kwetu ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu, na kuna watu wazima wenye kazi zao walikuwa wanaamka kabla ya adhana ili mtu asije akawaharibia kwenye grupu la WhatsApp. Tangu tarehe 17 Aprili 2011 mpaka 19 Mei 2019. Mtu alianza akiwa chuo kamaliza ana watoto wawili. Huko Marekani mwaka 2018 peke yake watoto wa kike zaidi ya 500 walipewa jina Khaleesi, lile jina la cheo cha Dinari wenu, na wazazi wao mwaka mmoja baadaye wakakaa kwenye kochi wakamuona mwenye jina anachoma watoto wa wenzake. Kwa hiyo mzee na ndama wake yuko kwenye kundi kubwa, na ana nafuu, ndama hataenda shule akaulizwa jina lake lilitoka wapi.

Sasa wewe ukamwambia "ni muvi tu". Kwa mtu aliyekaa na watu wale episodi 73! Ulivyompelekea hukumwambia ni muvi tu, ulimwambia baba hii utaipenda ina historia ndani. Alivyolia kwa minyororo ya watumwa hukumwambia ni muvi tu. Neno hilo umelitoa siku alipokuuliza swali ambalo hukuwa na jibu lake. Yeye amesikia hivi, kwamba miezi yote ile ulikuwa unamuangalia tu anavyojichekesha.

Tuje kwenye kukata, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri maana unaniambia kwa kujiamini kabisa kwamba pale kwenye kengele hukugusa. Nakuamini. Lakini mwanangu hebu fikiria ulichokata kabla ya hapo. Umesema mabusu yote umetoa. Yote? Basi umemkatia mzee mapenzi ya Jon na Daenerys kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wewe unajua walikuwa wapenzi, mimi najua, mzee hajui, au anajua kwa kuokoteza maneno juujuu. Kwake yeye wale ni mfalme wa kaskazini na malkia wameungana vita, basi. Sasa anaona mwanamama anakaa peke yake ananyong'onyea, hali, nywele hazijasukwa, yule kijana anamkwepa, na mzee anajiuliza huyu ana nini? Ana nini! Mtu aliyempenda amegundua kwamba yeye ni shangazi yake na hataki tena kumshika, hicho ndo ana nini. Nusu ya kile kidonda umekiacha kwenye kompyuta yako Ngamiani.

Na sio hiyo tu. Ile episodi ya mwisho ya sizoni ya saba, unakumbuka Jon anagonga mlango wa chumba cha Daenerys kwenye meli? Pale ndo siri kubwa kuliko zote inafunguliwa, kwamba Jon sio mtoto wa nje, ni Targaryen halali, ukoo ule ule wa Daenerys, na kiti ni chake, na wale waandishi kwa maudhi yao wakaamua sauti ya Bran inayoeleza hayo ipite juu ya picha za kitandani. Sasa wewe ulipofika pale ulifanya nini? Nadhani ulipiga mkasi ukasonga mbele. Mzee akaja kuyasikia sizoni ya nane kule chini makaburini rafiki yake Samwell anapomwambia Jon, akaona hee, hili nalo limetoka wapi. Na huko nyuma kwenye sizoni za mwanzo ndo usiseme, walikuwa na tabia ya kuweka maongezi ya maana ndani ya madanguro ili mtazamaji asisinzie, yule Littlefinger mwenye madanguro kaeleza pale roho yake yote na kisa cha kuwa vile alivyo. Ukikata danguro umekata na siasa. Kwa hiyo ukurasa uliochanwa upo, mwalimu kauona, ila kakosea ni ukurasa wa ngapi.

Lakini hata mimi na hao milioni 1.8 tulioangalia kila kitu na uchi wake wote, tulifika pale kwenye kengele tukauliza swali lile lile alilouliza mzee, wamekata wapi? Hapo ndo penye dawa yako.

Maana kwa maoni yangu, na kuna watu tutagombana nao, dalili za Daenerys zilikuwepo tangu zamani. Sizoni ya kwanza kaka yake anamwagiwa dhahabu ya moto kichwani yeye anatazama uso mkavu. Kwenye mji wa Meereen aliwatundika mabwana 163 misalabani, kichwa kwa kichwa, kama walivyowatundika watoto njiani. Makhali, wale wakuu wa kabila la Dothraki, kawafungia ndani akawachoma. Baba na mwana wa ukoo wa Tarly kawachoma kwa sababu hawakupiga goti. Na sisi tulikuwa tunapiga makofi kila mara kwa sababu aliyekuwa anachomwa ni mbaya, mzee wako naye nina uhakika aliongeza kahawa. Kwa hiyo kwamba binti yule ana moto ndani, sawa. Kilichotuudhi ni mwendo. Wewe ni wa Tanga utanielewa, hebu piga picha basi linatoka Tanga asubuhi, linasimama Muheza, linasimama Segera watu wanashuka kula, kila kituo mnajua nani kapanda na nani kashuka na mizigo yake. Mkifika Chalinze dereva anapigiwa simu sijui na nani, anakanyaga mafuta hasimami tena popote, mnashtukia mko Dar kifua kinadunda na nusu ya abiria hamjui walishukia wapi. Sizoni sita za mwanzo zilikuwa na episodi kumi kumi. Ya saba ikawa na saba, ya nane ikawa na sita. Ndani ya hizo episodi za mwisho mama wa watu kapoteza mlinzi wake Jorah, kapoteza joka la pili, rafiki yake Missandei kakatwa kichwa mbele ya macho yake, mpenzi kamkimbia, mshauri kamsaliti. Yale yalikuwa mambo ya kukaa nayo miaka miwili, yamepita kama wiki. Hata yule Mfalme wa Usiku, mkuu wa lile jeshi la wafu tulilotishiwa nalo tangu dakika za kwanza kabisa za mwaka 2011, alimalizwa kwa kisu kimoja usiku mmoja, tena usiku wenyewe giza watu wakawa wanarekebisha mwanga wa TV wakidhani imeharibika.

Na vitabu vyenyewe havikuwa na msaada. George R. R. Martin kitabu cha tano kakitoa Julai 2011, sizoni ya kwanza imeisha tu juzi yake, na cha sita watu wanakisubiri mpaka wamechoka kuuliza. Benioff na Weiss walioongoza tamthilia wakaupita mwisho wa njia iliyochongwa, wakaanza kufyeka wenyewe, na walikuwa wanataka kufika.

Haya sasa ufanye nini.

Usiende wewe kuzungumza habari za uchi na baba mkwe. Z anasema mwambie ukweli, yuko sawa kuhusu ukweli ila mdomo sio wako. Wewe hata mahari hujatoa utaanzaje kumwambia mzee baba nilikata watu wa kitandani? Heshima yenu itabaki na nini? Na mshenga muache pembeni, huyo hajaiangalia ataharibu, atasema mambo ya majoka yakaonekana ni tusi. Mtu wako ni kaka yake Z wa Dar. Huyo ni shemeji yako mtarajiwa mna utani, ni mtoto wa mzee anaweza kumwambia baba yake vitu, na kubwa kuliko yote yeye aliiangalia 2019 nzima bila mkasi wako. Ni shahidi. Mpigie mwambie asicheke dakika tano tu, ampigie mzee amwambie hivi, baba yule kijana alikata kweli, alikata mambo ya aibu kwa sababu anakaa sebuleni kwako na mama anapita, akaona haya kukuambia, ndo maana alipobanwa akakana. Lakini mahali pale pa kengele hakukata, mimi niliona hivyo hivyo na dunia nzima iliona hivyo hivyo. Aseme na lile la mapenzi ya Jon, kwa mdomo tu, dakika mbili, mzee mwenyewe ataunganisha. Ana zaidi ya miaka 60 na watoto wakubwa mwanangu, wewe unadhani hajui watu hufanya nini vyumbani? Ninavyomuona mimi alishajua tangu sizoni ya kwanza kwamba kuna vitu unavitoa, na akakupenda kwa hilo. Alichokuuliza siku ile ni kama utamwambia.

Ushahidi upo kama ataudai, na atadai, ni mwalimu. Katika sizoni ya nane vitu vya aibu hasa viko episodi ya kwanza na ya pili, labda na ya nne kidogo. Ya tatu ni vita mwanzo mwisho, ya tano ni moto na busu moja, ya sita ni majivu, busu moja na kikao. Hizo tatu chukua nzima, zisizoguswa, mpe na flashi, unaweza kuangalia naye na mama akapita na chai mara kumi. Na mpe dakika zake, episodi ya tatu ni dakika 82, urefu wake umeandikwa kila mahali, alinganishe na faili lako mwenyewe kwa miwani yake. (Flashi hiyo ilitoka wapi sitakuuliza, tuna matatizo ya kutosha.) Mwambie pia hata HBO wenyewe walikata, kulikuwa na kikombe cha kahawa cha kisasa kimesahaulika mezani mbele ya Daenerys kwenye episodi ya nne, watu wakakiona, wao wakatania kwamba Daenerys alikuwa ameagiza chai ya mitishamba, kisha baada ya siku mbili wakakifuta. Hilo litamfurahisha, yeye si mpenzi wa kusahihisha.

Shemeji yako akishapiga simu ndo uende sasa. Na ukienda omba radhi kwa kitu kimoja tu, kile cha kusema sijakata. Usieleze eleze. Usiutetee mwisho, usimwambie baba ukiangalia vizuri unaeleweka, na usiuponde kwa kujipendekeza. Muulize swali. Baba, wewe ungeumalizaje? Hafu unyamaze. Huyu mtu ana majibu tangu wiki sita zilizopita na hana wa kumwambia, mama hajaiangalia, ng'ombe hawajaiangalia. Atakwambia Dinari angefanywaje, atakwambia kiti angepewa nani, mtu wa Historia hawezi kukubali wakubwa wachache wakae kwenye viti wachague mfalme kwa ubora wa stori halafu yule mmoja aliyesema kwa nini tusiwaulize watu wote anachekwa. Nadhani hapo peke yake pana saa nzima.

Bibi zetu wa pwani walikuwa wakimaliza hadithi wanasema ikiwa njema uzuri wake ni wetu sote, ikiwa mbaya ubaya wake ni wa aliyeitunga peke yake. Mashabiki walifanya vivyo hivyo, miaka minane ilikuwa stori yetu, wiki sita za mwisho ikawa stori ya Benioff na Weiss. Wewe ulijikuta umekaa kwenye kiti cha mtungaji bila kutaka kwa sababu mkasi ulikuwa mkononi mwako. Ukimuuliza mzee angemalizaje umeshatoka kwenye kiti hicho, mmekaa upande mmoja wa sebule.

Na kama atakuwa bado na uchungu na Dinari mwenyewe, mwambie hili. Yule dada aliyemuigiza, Emilia Clarke, alipata maradhi ya mishipa ya damu kupasuka kwenye ubongo baada tu ya kumaliza kurekodi sizoni ya kwanza mwaka 2011, na alikuwa kijana wa miaka 24, akaficha, akaendelea kufanya kazi. Alikuja kusema mwaka 2019. Basi wale wale mashabiki waliokuwa wanatukana mwisho usiku na mchana, kuna waliochangishana wakapeleka makumi ya maelfu ya dola kwenye shirika lake la kusaidia watu walioumia ubongo, kumwambia kwamba hasira yetu sio yako. Mzee alionyesha mapenzi yake kwa ndama, ni namna yake hiyo hiyo.

Kuhusu posa nakwambia ukweli, mi sioni kama posa imekwama. Angekataa angerudisha barua. Amesema mazungumzo yasubiri. Na wewe ulikuwa unaenda Pongwe mara tatu kwa wiki, kahawa, visheti, goti linapona, halafu stori ikaisha na wewe ukaisha nayo, wiki sita hujaonekana. Unamsubiri nani aanze? Yeye ndo baba. Usimtume mshenga akaulize mahari kabla hujaenda mwenyewe kukaa pale bila shida yoyote ya kuomba.

Ile nyingine ya ukoo wa Targaryen, iliyoanza 2022, najua unayo na najua unawaza kumpelekea kumtuliza. Isubiri mahari ipokelewe. Na safari hii muache shemeji yako ampelekee, hiyo mkasi wako hauiwezi.

Nenda Jumatatu ijayo baada ya Isha kama zamani, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, na visheti ununue wewe. Ila usinyooke moja kwa moja mlangoni. Pitia kwanza zizini umuangalie Dinari amekua kiasi gani, uongee naye kwa sauti kidogo mzee asikie kuna mtu, hafu ndo upige hodi.

Anti